Mmemwambia amechaguliwa, hamjamwambia kama ataenda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na ikikupendeza usinikate sana maana hili jambo nimelibeba miaka. Mi nina stesheneri hapa Njombe mjini, ya kawaida tu, kompyuta mbili, printa moja inafanya kazi na nyingine inafanya kazi ikijisikia, mashine ya kutoa kopi, friji ya soda ya mke wangu, na nje mlangoni kuna benchi la mbao. Hilo benchi ndo limenifanya niandike, maana mtoto anaambiwa athibitishe chuo kabla hajajua atapata mkopo kiasi gani. Kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja halikai tupu, na wanaokaa pale kazi yao nilishaimaliza na hela walishanilipa, ni watoto waliomaliza fomu siksi, wanasubiri. Ukiwauliza mnasubiri nini wanakwambia "tunasubiri tu anko, labda leo."

Mwezi wa saba huku kwetu kama umewahi kupita unaijua ile baridi, unashika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado haitoshi. Wanakaa hivohivo na makoti yao. Wengine hawaji wenyewe maana wako kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, anakuja mzazi. Kuna mzee mmoja alikuja na namba ya mtihani ya binti yake kaiandika nyuma ya risiti ya mbolea, akanikabidhi taratibu kabisa kama vile ni kitu cha kuvunjika, akasema "mwanangu hebu niangalizie humo, amefaulu?" Nikaangalia, amefaulu, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), divisheni tuu. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akanunua soda mbili, moja yake moja yangu, akaondoka anajua shughuli imeisha. Mhariri, yule mzee alirudi kwangu mara kumi na moja kabla mwaka haujaisha, nilikuwa nahesabu.

Maana watu wanadhani mtoto akimaliza fomu siksi anasubiri mara moja, matokeo, basi. Mara moja wapi. Anafanya mtihani mwezi wa tano, anasubiri NECTA, yaani baraza la mitihani, mpaka mwezi wa saba, matokeo yakitoka anasubiri TCU, tume ya vyuo vikuu, wafungue dirisha la maombi, likifunguliwa anaomba vyuo vitatu vinne kila kimoja na elfu kumi yake, afu anasubiri majina, majina yakitoka kama kachaguliwa zaidi ya chuo kimoja (wenyewe wanaita maltipo) anasubiri namba ya siri ije kwa meseji ili athibitishe kimoja aache vingine, asipochaguliwa kokote anasubiri dirisha la pili, na muda wote huo pembeni kuna maombi ya mkopo wa bodi ya mikopo ya serikali aliyolipia elfu thelathini ambayo majibu yake yanatoka kwa awamu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, huko mwezi wa kumi kwenda mbele, vyuo vinakaribia kufungua au vimeshafungua. Na mkopo wenyewe ukitoka bado hujui ni ada yote au nusu, hela ya chakula na malazi imo au haimo. Hesabu mwenyewe hapo ni kusubiri kungapi.

Sisi wa zamani tunapenda kuwaambia "hata sisi tulisubiri." Kweli tulisubiri. Mwaka 2003 mi nilikuwa nasubiri gazeti. Majina ya waliochaguliwa yalichapwa gazetini, orodha ndefu herufi ndogo, na gazeti lilikuwa linafika Njombe jioni na basi la Dar, tunalipokea watu nane tunasoma moja. Nilipita na kidole kuanzia juu mpaka chini, nikarudia, mara ya tatu nikamwomba rafiki yangu anisomee yeye nikidhani labda macho yangu ndo mabovu. Sikuwemo. Niliumia sana, wiki nzima nilichimba viazi kama nina ugomvi na ardhi. Lakini liliisha siku ileile. Na kwenye orodha niliyoisoma mimi mtu alikuwa anaona jina na anaona kabisa kama ni wa kudhaminiwa na serikali au anajilipia, kwa hiyo wale wenzangu waliopata usiku uleule walijua kama wanaenda au hawaendi. Wazazi wao walianza kutafuta sanduku la bati kesho yake.

Leo jibu liko mfukoni, au mtoto anadhani liko mfukoni, na hapo ndo kwenye shida. Gazeti lilikuwa linakuja mara moja kwa siku, basi likishapita jioni unaenda kulala. Simu haipiti. Saa tano usiku anafungua akaunti yake ya chuo, maombi yanashughulikiwa. Saa saba, yanashughulikiwa. Anajiunga bando la usiku maana lina nafuu, anaamka saa tisa, yanashughulikiwa. Asubuhi yuko benchini kwangu macho mekundu ananiambia "anko jaribu na kompyuta yako, labda simu yangu ndo inaonyesha ya zamani." Najaribu. Namgeuzia skrini aone mwenyewe, maana nikimwambia kwa mdomo haamini.

Afu kuna haya magrupu ya WhatsApp. Usiku mtu anaandika tu "majina yametoka!!!" na faili la PDF, watoto wa mkoa mzima wanaamka, wanamaliza bando kupakua, kumbe ni orodha ya mwaka juzi imebadilishwa kichwa cha juu. Na matapeli nao wanajua msimu kuliko mkulima. "Nina mtu chuoni, tuma laki moja na nusu jina liingie." TCU kila mwaka wanatangaza msitumie madalali, msitumie mawakala, lakini tangazo linasomwa na asiye na wasiwasi. Mwenye wasiwasi anatuma hela. Nimemzuia mama mmoja hapahapa dirishani simu iko mkononi ameshaandika kiasi bado namba ya siri tu, na hakunishukuru, alininunia wiki mbili akiona kama nimemfungia mwanae mlango.

Na sisi watu wazima hatusaidii. Kijana mmoja alikuwa anaimba besi kwaya kanisani kwetu, sauti nzuri kweli, akaacha kuja. Nikamuuliza vipi mbona huonekani, akasema "anko, ibada ikiisha naulizwa na watu kumi na tano umechaguliwa wapi, nawajibu bado, wananiambia utapata tu Mungu mkubwa, afu wiki inayofuata wananiuliza tena walewale." Akaona heri akae nyumbani. Msibani pia anaulizwa! Mtu kaja kuzika anaulizwa kozi. Nakuombeni jamani mtoto wa mwenzio akipata atasema mwenyewe, hiyo habari huwa haifichiki hata kwa dawa.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni kuhusu yule mzee wa risiti ya mbolea na binti yake, na hapa itabidi nikiri na kosa langu.

Wakati dirisha la kwanza linafunguliwa binti bado yuko kambini. Mzee ana kitochi, laini imesajiliwa kwa jina la mtoto wake mwingine yuko Makambako, chaji mara ipo mara haipo. Mfumo unataka namba ya simu. Nikaweka yangu. Na barua pepe nikamtengenezea, paswadi nikaiandika kwenye karatasi, karatasi nikampa mzee. Mhariri, sio yeye peke yake, mwaka ule niliweka namba yangu kwa watoto zaidi ya thelathini. Ilikuwa inanirahisishia kazi, naomba nisidanganye, nilikuwa nafanya fomu moja kwa dakika ishirini badala ya saa zima. Wenye stesheneri wenzangu mnaosoma hapa mnanielewa vizuri sana na najua mnafanya mpaka leo.

Majina yakatoka. Zikaanza kuingia meseji za namba za siri kwenye simu yangu, za watoto thelathini na kitu, zimechanganyika na meseji za kubeti, za mikopo ya simu, za mke wangu ananiuliza nimenunua sukari. Siku ya Jumamosi nilikuwa Makambako kufuata karatasi, naona simu inalia lia nikaiweka kimya. Ya yule binti iliingia siku hiyo. Niliiona Jumanne jioni. Mwisho wa kuthibitisha ulikuwa umebaki siku mbili tu.

Nyie mnaweza kusema mbona rahisi, TCU wanasema mtu asipopata namba aingie kwenye akaunti yake ya chuo aombe atumiwe tena. Ndiyo, inatumwa tena, kwa namba ileile aliyoombea. Yangu. Na paswadi ilikuwa kwenye karatasi, na karatasi mzee aliitunza vizuri mno mpaka haikuonekana.

Nikatuma bodaboda nyumbani kwao usiku. Asubuhi kabla sijafungua wako benchini wote wawili, binti ameshatoka kambini, kakonda, nywele fupi, kakaa wima kijeshi. "Kamwene, kamwene," tukasalimiana. Nikawaambia kachaguliwa vyuo viwili, mzee akapiga makofi. Kimoja ni chuo binafsi cha afya, udaktari, kitu ambacho binti alikuwa anakitaka tangu fomu tuu. Kingine cha serikali, ualimu wa sayansi. Ada ya kule udaktari ni zaidi ya milioni tano kwa mwaka, miaka mitano. Ualimu haifiki milioni moja na nusu, miaka mitatu. Thibitisha kimoja, mwisho kesho saa sita usiku.

Mzee akauliza swali la akili kabisa, swali ambalo ungetegemea ofisi nzima ya wasomi iwe imeshalijibu. "Mkopo watatupa?"

Nikamwambia hatujui mzee, majibu ya mkopo ni mwezi wa kumi.

Akaangalia benchi, akaangalia barabarani, akasema "sasa mwanangu, hapa tunachagua nini?"

Sikuwa na jibu. Binti naye kimya. Mzee akaanza hesabu kwa sauti, viazi gunia kadhaa, parachichi za msimu ule mnunuzi alishachukua kwa bei ya hasara, ng'ombe mmoja lakini ni wa maziwa ndo anawalisha wadogo zake. Alihesabu mpaka akarudi kwenye viazi tena kana kwamba vimeongezeka. Mwisho binti akasema "baba, mi nitasoma ualimu." Hakulia wala nini. Akaniambia "anko bonyeza." Nikabonyeza.

Mwezi wa kumi awamu ya pili ikatoka, jina lake lipo, ada ya ualimu yote na hela ya kujikimu. Nilivyompigia mzee kumsomea alikaa kimya, nikadhani simu imekata. Akasema "basi, tunashukuru." Sasa sijui angechagua udaktari wangempa kiasi gani, pengine yote, pengine robo angekwama mwaka wa kwanza tu. Ndo hivo, mtoto aliambiwa achague kati ya maisha mawili na karatasi ya bei wameificha mpaka amalize kuchagua. Hata sokoni hatununui nyanya hivo.

Kuna mwingine yeye alithibitisha, jina la mkopo akawa anasubiri awamu ya kwanza hamna, ya pili hamna, chuo kikafungua, wazazi wakasema nenda tu itatoka ukiwa hukohuko. Akapanda basi na nauli na hela ya kama wiki mbili, kafikia kwa ndugu Mbagala. Alirudi kabla ya Krismasi na begi lilelile, lebo ya basi bado imening'inia. Mwaka uliofuata aliomba tena na akapata, yuko anasoma sasa, lakini mwaka mmoja mzima alikuwa anapita njia ya nyuma asikutane na watu.

Najua majibu ya upande wa pili maana na mimi nimeshauliza. Wanasema bodi ya mikopo haiwezi kutoa mkopo kabla haijajua mtoto kadahiliwa wapi na kozi gani, kwa sababu ada zinatofautiana, kuna kozi za kipaumbele na kuna zisizo, sasa watapangaje hela ya kozi wasiyoijua. Ni kweli, sibishi. Ila mbona mzigo mkubwa wa maombi ya mkopo hauhusu kozi hata kidogo? Mimi ndo naskani hizo fomu. Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa RITA (wakala wa vizazi na vifo), cha kifo kama mzazi kafariki, namba ya kaya kama wako TASAF (mfuko wa kusaidia kaya maskini), sahihi ya serikali ya mtaa, sahihi ya mahakamani au wakili, picha ya mtoto na picha ya mdhamini. Yote hayo yanauliza swali moja tu, kwenu kuna uwezo au hamna. Na mtoto anakuwa ameshayatuma huku bado majina ya vyuo hayajatoka. Kwa hiyo hali ya nyumbani inaweza kujulikana mapema. Wakishamaliza kuipima wamwambie kwa meseji, wewe kwa hali ya kwenu ukienda kozi ya ada hii tutakubeba kiasi hiki, ukienda ya ada ile tutakubeba kiasi kile, hela kamili tutathibitisha ukishasajiliwa. Hata ingekuwa makadirio. Mzee wangu angekuwa na kitu cha kuhesabia zaidi ya viazi.

Na sio kwamba nimeota. Mtoto wa mchungaji mmoja hapa aliomba vyuo vya Marekani, mi nilikuwa namprintia makaratasi yake, nikajifunza. Kule vyuo vingi vinajibu kwenye mwezi wa tatu hivi, na mtoto anapewa mpaka tarehe 1 mwezi wa tano ndo aamue anaenda wapi, na barua inayoonyesha chuo kitamsaidia kiasi gani huwa inakuja pamoja na jibu au muda mfupi baada yake, ili akae na wazazi waweke barua mezani walinganishe. Wana matatizo yao, bei zao wenyewe ni za kutisha, na kusubiri kwao watoto wanapata presha vilevile. Lakini angalia kilichotokea mwaka 2024, fomu yao ya serikali ya kuombea msaada wa fedha ilivurugika ikachelewa, vyuo havikuweza kutuma hizo barua za bei kwa wakati. Walifanyaje? Vyuo vingi vikasogeza mbele ile tarehe ya kuamua, maana waliona haiwezekani kumlazimisha mtu achague bila kujua analipa nini. Kwao hiyo ilikuwa dharura ya mwaka mmoja, habari kubwa kwenye magazeti. Kwetu ndo ratiba.

Sitaki nionekane nasema hakuna kilichofanyika. Zamani ukikosea chaguo kwenye ule mfumo wa pamoja wa TCU ulioanza 2010 unaweza kujikuta umepelekwa mahali hukuwahi kupafikiria, tangu 2017 mtoto anaomba mwenyewe moja kwa moja chuoni anapotaka, ni hatua. Hela ya kujikimu ilitoka elfu nane na mia tano kwa siku ikawa elfu kumi, mwaka wa masomo 2022/23, walioko vyuoni waliisikia hiyo tofauti tumboni. NECTA nao waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, kuna waliolalamika, mi nilifurahi maana watoto wa benchini kwangu walikuwa wanaisoma ile orodha kama wanasoma hukumu. Kwa hiyo wakubwa wakitaka kubadilisha wanabadilisha, tumeshaona. Hili la kupanga nani aanze kujibu halihitaji hata kujenga jengo.

Na huo mkopo tukumbuke ni mkopo, Mhariri. Akianza kazi anakatwa asilimia kumi na tano ya mshahara mpaka uishe. Mtu unamkopesha hela atakayoilipa miaka na miaka, na unamwambia kiasi chake baada ya kusaini anakoenda. Hata hawa wa mikopo ya kausha damu mtaani, pamoja na ubaya wao wote, wanakutajia riba kabla hujachukua.

Kingine kidogo, tarehe. Wakisema majina yatatoka "ndani ya wiki hii" watoto wangu wanakaa benchini wiki nzima. Wakisema Alhamisi saa nane mchana watakuja Alhamisi saa nane, Jumatatu mpaka Jumatano watamsaidia mama shambani na watalala usiku. Ikishindikana Alhamisi waseme Jumatano kwamba imeshindikana. Hilo halina gharama yoyote, ni adabu tu.

Kwa upande wangu namba yangu siweki tena kwenye fomu ya mtoto wa mtu. Nina kaunta buku, kila anayekuja naandika namba yake, ya mzazi, na ya ndugu mmoja mwenye simu isiyozimika, na paswadi anaiandika mwenyewe kwenye daftari lake mbele yangu, hata kama foleni imefika barabarani. Wengine wanaona nachelewesha wanahamia kwa jirani yangu, sawa tu.

Yule binti yuko mwaka wa pili sasa, ualimu wa kemia na baiolojia. Likizo huwa anakuja kunisaidia kujaza fomu, ana mikono miepesi kuliko mimi na watoto wanamsikiliza. Juzi nilimkuta anabishana na baba mmoja aliyekuwa anataka waweke namba ya dereva wa lori anayeenda Zambia, eti ndo mwenye simu nzuri. Binti kamwambia hapana baba, shikamoo lakini hapana, namba ya huyu hatuweki, tutafute nyingine. Afu yule kijana mwenye fomu akamuuliza, "dada, kama nikichaguliwa sehemu mbili nichague ipi?" Binti akaacha kuandika. Akamwambia "mkopo wako umeombea kozi gani?" Kijana akasema kozi zote, si ndo zinaombwa pamoja. Akaguna tu, akaendelea kuandika.

Mhariri, kama ukurasa hautoshi kata hayo ya kwaya na ya matapeli, lakini ya mzee yabaki.

Ni mimi mwenye stesheneri,
Njombe.